Mgonjwa yuko kwenye kemo na mafua yamejaa mtaani: fanya hivi

Shangazi alikuja kumwona mama siku ya 8 baada ya kemo ya pili (kemo ni zile dawa kali za kansa). Kaja na mapapai mawili, mtindi, na chafya. Kashuka kwenye bajaji anafuta pua na kanga, tukamuuliza shangazi vipi unaumwa, akasema "aah vumbi tu hili la barabarani wanangu", akapita moja kwa moja mpaka chumbani, akamkumbatia mgonjwa, akakaa pale kitandani masaa matatu anapiga stori. Siku mbili baadae mama akaanza kukohoa, usiku ule themomita ikasoma 38.4 na sisi wote tunaangaliana tu hatujui tunafanya nini.

Sisemi haya kumchamba shangazi, shangazi tunampenda na yale mapapai tulikula. Ila nimegundua watu wengi wanaouguza wanaambiwa habari za kula vizuri na kunywa maji, hakuna anaewaambia kwamba kazi kubwa kuliko zote ni kusimama mlangoni. Kwahiyo naandika yale ambayo ningependa mtu angeniambia mimi kabla ya ile siku ya 8.

Kwanza elewa kwanini flu (yale mafua makali, influenza) inakua kesi kubwa kwake na sio kwako. Dawa za kemo zinaua seli zinazozaliana haraka, kansa ni mojawapo, lakini na uboho ndani ya mifupa unapigwa humohumo, na uboho ndio kiwanda cha damu. Ndio maana nywele zinatoka, mdomo unafanya vidonda na seli nyeupe zinashuka. Kwenye hizo nyeupe kuna zinaitwa neutrofili, ndio askari wa mstari wa mbele. Kile kipimo cha damu cha FBP mnachopima kila kabla ya kemo kinaonyesha idadi yake, waombeni wawaonyeshe. Ikiwa chini ya 1.5 imeshuka, ikifika chini ya 0.5 (karatasi nyingine zinaandika 500) hapo mgonjwa ni kama nyumba ambayo haina mlango. Flu yenyewe ni virusi, inaweza kumfanyia nimonia, na ikishamchosha mapafu bakteria nao wanapitia hapohapo.

Sasa hesabu ya siku. Kwa kemo nyingi zile za kila wiki tatu, kinga inashuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu inaanza kupanda taratibu kabla ya mzunguko unaofuata. Dawa zinatofautiana kwahiyo muulize daktari wenu ya kwenu inashuka lini, ila sisi tulichukua kalenda ya ukutani tukazungushia zile siku kwa kalamu nyekundu. Zile nyekundu hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna kikoba, hakuna jumuiya, hakuna Kariakoo. Siku nyingine alikua anatoka vizuri tu na barakoa yake anaenda hata kukaa kwa jirani, maana na kumfungia mtu ndani miezi minne nako ni ugonjwa mwingine.

Wenye mionzi peke yake au wanaotumia vidonge, kinga yao inategemea na sehemu inayopigwa na dawa yenyewe, usidhani wewe umepona kwenye hili, uliza.

Mlangoni

Hapa ndio pagumu na ndio maana napaandikia sana. Kwetu mtu akiumwa watu wanakuja, usipokuja unaonekana una roho mbaya, na ukimzuia mtu kuingia unaonekana unaringa au mnaficha kitu. Tena wanakuja na watoto. Na mtu mwenye flu anaanza kuambukiza kama siku moja kabla hata hajajisikia kuumwa, halafu anaendelea siku 5 mpaka 7 tangu aanze kuumwa, watoto wadogo zaidi ya hapo. Kwahiyo "mi mbona nimeshapata nafuu" sio kibali cha kuingia.

Mbinu iliyotusaidia ni kumsingizia daktari. Usiseme "hatutaki wageni", sema "shikamoo mama mdogo, jamani daktari katukataza, katuambia wiki hii kinga imeshuka, tukivunja masharti wanasimamisha dawa". Hakuna mtu anaebishana na daktari. Ukisema ni wewe umeamua, kesho ni mada ya ukoo mzima kwenye grupu la WhatsApp. Na kama mnaweza teueni mtu mmoja awe ndio mlinzi, asiwe mgonjwa mwenyewe, maana mgonjwa ataona aibu atasema aah mwacheni aingie. Kwetu alikua mdogo wangu wa kiume, hana aibu huyo, alimrudisha mpaka mchungaji.

Tulibandika na karatasi mlangoni, kwa mwandiko wa mkono, "Mgonjwa yuko kwenye dawa kali. Kama una mafua, kikohozi au homa, au kuna mtu anaumwa kwako, tupigie simu utaongea nae. Asanteni kwa upendo." Pembeni ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Ukipita pale umenawa. Sekunde 20, mpaka kwenye vidole gumba na kucha, sio ile ya kulowanisha vidole kama unaenda kula ubwabwa. Sanitaiza ni sawa kama maji hakuna, angalia iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu, zile za kunukia tu ni manukato.

Salamu ni mkono kifuani, basi. Wazee wa pwani wanaotaka kubusiwa mkono mtawaelewesha taratibu. Mgeni akae kwenye kiti mbali kidogo na sio kitandani, nusu saa inatosha, na kama kuna baraza au kivuli nje wakae huko, hewa ya nje ni bora mara mia kuliko chumba kilichofungwa.

Ndani ya nyumba

Anaeishi nae ndio hatari kuliko mgeni, maana mgeni anaondoka. Watoto wa shule ndio wanaoleta kila kitu. Sisi tulikua na wajukuu wawili pale nyumbani, mmoja la pili mmoja chekechea, sheria ikawa wakirudi shule wanavua yunifomu kwanza, wananawa mikono na uso, wanabadili nguo ndio wanaenda kumwamkia bibi, na wakiwa na makamasi wanamwamkia kutokea dirishani. Mwanzoni walilia. Baada ya wiki wakaifanya mchezo, wanapiga saluti.

Madirisha wazi mchana kutwa. Pangaboi peke yake kwenye chumba kilichofungwa linazungusha hewa ileile, fungua dirisha. Kulala, kama kuna chumba cha pili mgonjwa alale peke yake zile siku nyekundu, kama hakuna na ndio hali ya wengi wetu, mnalala mzungu wa nne, yani kichwa huku kichwa kule, na dirisha lenye wavu linabaki wazi.

Kula sinia moja kunasimama kwa muda. Kila mtu mpeni sahani yake, kikombe chake, kijiko chake, na taulo lake peke yake, hilo la taulo watu wanasahau, nyumba nzima inajifutia taulo moja bafuni. Virusi vya flu vinaweza kukaa kwenye vitu vigumu kama kitasa, rimoti na simu mpaka siku mbili, kwahiyo futa hivyo kila siku kwa maji ya sabuni au jiki iliyochanganywa na maji. Simu hasa, maana kila mtu akipigiwa anampa mgonjwa simu yake aongee, "haya ongea na mama huyu hapa", na simu imetoka mdomoni kwa mtu.

Ukiumwa wewe unaemuuguza, mpishi ni wewe muogeshaji ni wewe, unafanyaje? Kama kuna ndugu wa kukushika mkono mpe zamu, usione aibu kuomba, hata jirani. Kama hakuna mtu kabisa basi barakoa muda wote ukiwa karibu nae, na yeye avae, nawa kila unapomgusa, na chakula umwekee utoke usikae kumtazama anakula. Na umtaarifu daktari wake kwamba nyumbani kuna mtu ana flu, usisubiri mgonjwa aumwe, kuna dawa ya virusi inaitwa oseltamivir ambayo wakati mwingine wanaweza kumpa hata kwa kujikinga tu.

Njiani na kliniki

Barakoa ivaliwe kwenye daladala na mwendokasi, na ivaliwe vizuri, pua ndani. Ukiweza panda mapema kabla watu hawajajaa, kaa dirishani, fungua kioo. Bajaji ina hewa nzuri kama mfuko unaruhusu. Pale hospitali kwenye mabenchi ndio mnakaa watu wengi karibukaribu, pale Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, angalau upepo wa bahari unaingia, lakini kuna maeneo ya kusubiria ni chumba kidogo na kila mtu anakohoa, kwahiyo mgonjwa akae nje wewe ndio ushike foleni, ukisikia jina unamwita. Hiyo ilitusaidia sana.

Chanjo

Ipo chanjo ya flu. Watu wengi huku hawajui kwasababu haimo kwenye zile za kliniki za watoto, unaipata zaidi hospitali za binafsi na kliniki za wasafiri kwa kulipia, piga simu kwanza uulize kama wanayo. Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Moja, mgonjwa wa kemo anachomwa ile ya sindano yenye virusi vilivyouliwa, ile ya kupuliza puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa na haimfai. Mbili, muda, ikiwezekana achomwe angalau wiki mbili kabla ya kemo kuanza, maana mwili unahitaji kama wiki mbili kutengeneza kinga, na kama ameshaanza daktari wake wa kansa ndio apange siku kati ya mzunguko na mzunguko, msijiamulie. Baadhi ya dawa za kansa za damu, kama rituximab, zinafanya chanjo isishike vizuri kwa miezi kama 6 hivi. Tatu, na hii ndio naona ina maana zaidi, chomweni nyie mnaoishi nae. Yeye kinga yake ni dhaifu chanjo inaweza isifanye kazi vizuri, ila kama nyumba nzima mmechanja flu inapata shida kumfikia.

Na hapana, chanjo ya sindano haikupi flu. Virusi vimekufa. Mkono utauma siku moja mbili na pengine kahoma kadogo.

Inachomwa kila mwaka kwasababu virusi vinabadilika. Huku kwetu ukanda wa joto flu haina msimu mmoja kama Ulaya kwamba ni baridi tu, inazunguka mwaka mzima inapanda na kushuka, kwahiyo usijiambie "sasa hivi kiangazi hakuna shida". Ukiwa huko ulizia na ya nimonia na ya korona.

Homa ikipanda

Hapa nisikilize vizuri, kwasababu ndio tulipokosea.

Nunua themomita ya dijitali. Haizidi bei ya kuku wa kienyeji mmoja. Usipime homa kwa kiganja shingoni, kiganja chako kimetoka kuosha vyombo kitajua nini. Pima asubuhi na jioni zile siku nyekundu na wakati wowote akisema anasikia baridi. Kwapani inasoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwahiyo kama ya kwapani inakaribia 38 usijipe moyo. Usipime kwa njia ya haja kubwa na usimpe dawa wala enema kwa njia hiyo, michubuko ya huko ni mlango wa bakteria.

Ikifika 38 ni dharura. Sio kesho asubuhi, ni sasa hivi hata kama ni saa nane usiku. Nimeandika 38 na nimemaanisha, kwa mtu mwenye kinga nzima 38 ni kitu cha kulala na kuamka nacho lakini kwa wa kemo inaweza kua bakteria wako kwenye damu na masaa yanahesabika.

Sisi usiku ule tulimpeleka zahanati ya jirani. Wakampima malaria, hana, wakasema ni mafua tu, wakampa panadol na dawa ya kikohozi tukarudi. Panadol ikashusha homa, tukafurahi, tukalala. Saa kumi na moja alfajiri mama anatetemeka kitanda kinagonga ukuta. Ndio kukimbizana na bajaji mpaka hospitali kubwa, wakapima neutrofili ziko 0.3.

Kosa letu hatukusema neno kemo. Tulisema "mama ana homa na kikohozi". Huku kwetu homa ni malaria, ikikosekana malaria ni UTI, ikikosekana hiyo ni taifodi, na daktari wa zahanati hawezi kuotea. Kwahiyo ukifika mapokezi sentensi ya kwanza iwe: "Mgonjwa huyu yuko kwenye kemo, ya mwisho ilikua tarehe fulani, ana homa 38 na kitu." Uwe na kadi ya kliniki, majina ya dawa, na FBP ya mwisho, tuliviweka kwenye bahasha moja iliyoning'inia msumarini karibu na mlango. Malaria wampime ndio, lakini isiwe ndio mwisho wa vipimo. Kemo inaposhusha seli nyeupe na homa ikaja, lengo ni antibaotiki ya mshipa iingie ndani ya saa moja, hata kabla majibu mengine hayajatoka, kwahiyo usishangae ukiona wanamchoma haraka. Hiyo sio kutibu flu, antibaotiki haiui virusi, ni kuzuia bakteria wasijinafasi.

Kama inaonekana ni flu kweli dawa yake ni ile oseltamivir, inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya masaa 48 tangu dalili zianze, kwa mgonjwa wa kemo wanampa hata akichelewa kidogo. Flu inajitambulisha kwa kuja ghafla, asubuhi yuko vizuri jioni mwili wote unauma, kichwa, homa, kikohozi kikavu, nguvu zimeisha. Mafua ya kawaida yanakuja mdogomdogo, pua na koo. Lakini we sio kazi yako kutofautisha, we piga simu.

Na msisubiri homa peke yake. Kuna wanaopewa deksamethasoni pamoja na kemo ili wasitapike, hiyo inaweza kuficha homa, na wazee wengine hawapandi joto kabisa. Akihema kwa shida, kifua kikimuuma, akichanganyikiwa, akitetemeka kwa baridi, midomo ikibadilika rangi au akishindwa kunywa, ondokeni.

Usimpe panadol kabla ya kupima joto na kuongea na hospitali, inafuta ushahidi. Vivyo hivyo zile dawa za mafua za mchanganyiko za dukani, nyingi zina parasetamoli ndani. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ndio kabisa achaneni nazo bila ruhusa, kemo inashusha na chembe sahani zinazogandisha damu, damu ikianza kutoka haigandi vizuri.

Nyungu. Najua mtauliza. Najua mna mkaratusi, mchaichai na malimao tayari yapo jikoni. Mvuke unafungua pua, virusi hauui, na mgonjwa aliedhoofika anaweza kuungua au kuzimia humo ndani ya blanketi, na kibaya zaidi ni ile ya kuingia watu watatu chini ya blanketi moja, hapo mmemtengenezea chumba cha kuambukizana. Chai ya tangawizi ya moto haina neno. Mizizi na unga wa kwenye chupa alizoleta mjomba kutoka kijijini mwambieni daktari kabla hajanywa, kuna mitishamba inagombana na dawa kwenye ini.

Jambo la mwisho linahusu wagonjwa wenyewe. Mama alikua ameanza kukohoa tangu asubuhi ya siku ile na akaficha. Alikua anakoholea kwenye mto. Tukaja kujua baadae aliogopa wakijua anaumwa wataahirisha kemo ya tatu, na yeye alikua anahesabu, zimebaki nne, zimebaki nne. Kweli waliahirisha, wiki moja. Daktari akamwambia mama yangu, wiki moja tunaifidia, ungechelewa masaa mengine ile usiku tusingekua tunaongea hapa. Kwahiyo muulizeni mgonjwa kila siku na muulizeni kwa namna ambayo hataona amekosea, mi nilikua namuuliza nikimchana nywele zile chache zilizobaki, hapo ndio alikua anasema ukweli.

Kemo ikiisha msitupe ndoo wala themomita. Damu inachukua wiki kadhaa kurudi, kwa wengine miezi, mpaka FBP ziwe sawa na daktari aseme. Sisi karatasi ya mlangoni ilikaa mpaka ikapauka kwa jua. Shangazi alirudi mwezi uliofuata, akasimama nje dirishani kajifunga kanga puani, hatujamwambia kitu, akaanza kupiga stori kutokea hukohuko barabarani mpaka majirani wakawa wanachangia.